Siku Nilipouhamishia Mnada Mzima Mtoni

Jamani, chekeni kwanza mmalize ndipo nianze, maana najua hapa Bariadi hakuna asiyeijua habari hii na kila anayeisimulia anaiongezea chumvi yake (juzi pale stendi nimemsikia konda akisema eti nilimpanda mgeni wa Uganda mgongoni, uongo mtupu, yule mgeni alipanda mti mwenyewe na mimi sikumgusa). Nimeona afadhali niiseme kwa mdomo wangu, aibu ni yangu, acha niibebe mwenyewe.

Mimi ni mtendaji wa kijiji huku upande wa Sapiwi, na kijiji chetu kimekaa kando ya mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu, ng'ombe wanachimbiwa visima humo humo, lakini masika ukishuka unashuka na miti, na mbuzi, na vyoo vya watu. Mwaka mmoja kabla ya mkasa wangu ulimzingira Nkamba, binti wa Mama Shija, akiwa na uchungu wa kuzaa, akakaa juu ya kichuguu kutwa nzima maji yanapita pande zote, anasubiri boti itoke Lamadi kwa wavuvi, ipakiwe kwenye lori, lori likwame, likwamuliwe, na boti ilipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa, wakamwita Mabula kwa sababu ya ile mvua. Walipona wote wawili, Mungu ni mwema. Lakini mimi nilisimama ng'ambo siku ile na simu mkononi, mtendaji mzima na muhuri wangu, sina cha kufanya zaidi ya kumpungia mkono mwanamke anayezaa. Niliumia sana. Nikajiapiza kwamba masika nyingine haitatukuta hatuna boti yetu wenyewe.

Sasa fikirieni furaha yangu niliposikia kwamba nchi zetu hizi jirani, sisi na Kenya na Uganda na Rwanda na Burundi, zina mpango wa pamoja wa kujiandaa na maafa, na wataalamu wao wanazunguka vijijini kutafuta mahali pa kuweka boti, majaketi ya kuokolea na redio za upepo, ili kijiji cha juu kikiona maji kiwaambie wa chini, na nchi ikizidiwa jirani aje. Walikuwa na sharti moja tu. Kila kijiji kifanye zoezi la mafuriko mbele yao, na watakachokitazama ni kimoja: watu wakiitwa, wanakuja au hawaji?

Tukapangiwa siku. Wilayani wakaniletea king'ora cha mkononi, kile chenye kipaza sauti, kikilia unaweza kukisikia kijiji cha pili, na bosi wangu wa wilayani akanipigia simu akasema, "Mtendaji, kazi yako ni moja, hicho kitu kiwe na chaji." Kazi moja! Nikakichaji vizuri kabisa mpaka taa ikawa ya kijani. Halafu siku moja kabla ya zoezi akaja Masanja, mtoto wa mjomba wangu, kundi lao la ngoma lilikuwa na mashindano jioni ile na spika yao imekufa, akasema, "Dada, niazime hicho kidude niseme maneno mawili tu." Na mimi kwenye ngoma ni mdhaifu, hilo mnalijua. Nikampa. Maneno mawili ya Masanja yalikwisha jua linazama, na alipokirudisha nilikiweka kwenye boksi lake bila hata kukitazama usoni, nikaenda kupiga pasi gauni langu la kitenge.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, ingawa kuna mtu alikuwa ameshanionya. Kamanda Luhende, mkuu wa sungusungu wetu, mzee mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa amepita ofisini mapema wiki ile kuniambia kwamba siku ya zoezi ni siku ya mnada wa ng'ombe, yeye na wanaume wengi watakuwa mnadani. Akasema, "Mayu, mama yangu, mpige hivyo ving'ora vyenu vya mjini mpaka mchoke. Lakini mwano msiuguse. Mwano si mchezo." Nikamwambia, "Gete baba, kweli kabisa, nani atagusa mwano?" Na nilimaanisha kabisa. Kwa asiyejua, mwano ni ule ukelele tunaoupiga ng'ombe wakiibiwa au mtu akiuawa. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha chungu motoni, unakamata ulichonacho unakimbilia unakotokea, na wewe unaupokea na kuupeleka mbele kwa jirani, na usipokwenda utajieleza mbele ya sungusungu, na wakikukuta na kosa utatozwa. Hata mtoto wa darasa la pili huku analijua hilo.

Siku ikafika. Wageni wakaja na magari mawili meupe, majaketi ya rangi moja, redio kiunoni, tukawaketisha chini ya turubai kwenye uwanja kando ya mto, tukawapa chai na viazi vitamu. Kiongozi wao alikuwa Bi Akinyi wa Kenya, mama mnene mcheshi mwenye saa ya kupimia muda shingoni, na wa pili alikuwa Dokta Ssali wa Uganda, kijana mpole wa miwani. Majeruhi wetu wa kuigiza walikuwa wanakwaya pamoja na Masanja, wamejilaza mchangani wanagumia. Nyanya ya kopo ya kuwapaka iwe damu ilikuwa imekwisha dukani, basi nikapita buchani nikaomba ndoo ya damu ya ng'ombe (ndiyo, najua, ndiyo, lakini wakati ule niliona nina akili sana). Nikawapaka barabara. Masanja nilimpaka mara mbili kwa sababu alikuwa amenichelewesha.

Bosi akasimama, akatoa hotuba ndefu yenye maneno kama "mwitikio" na "uratibu," kisha akanyoosha mkono kwangu kwa mbwembwe na kusema, "Na sasa, king'ora!" Bi Akinyi akabonyeza saa yake. Nikabonyeza king'ora. Kimya. Nikabonyeza tena, kikatoa mlio wa mbuzi anayekata roho, kikanyamaza moja kwa moja. Nikakipiga kofi, nikakitikisa, nikakigeuza juu chini. Masanja pale mchangani, mguu umevunjika kwa kuigiza, akafumbua jicho moja akaniona, akalifumba haraka.

"Mtendaji," bosi akasema bila kufungua meno, "king'ora."

Wageni wakaanza kutazamana. Mmoja wao alikuwa ameshachukua kalamu. Mimi nikaiona boti yetu inaondoka, nikamwona Nkamba juu ya kichuguu na mimi ng'ambo napunga mkono, na moto ukanipanda kichwani, sikufikiri tena. Nikaangusha king'ora, nikaweka viganja mdomoni, nikapiga mwano.

Jamani, nilipiga! Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mama Shija alikuwa jirani tu, anamenya viazi vya wageni, na yeye ni mtu wa zamani, mwano ukimpata hauulizi, akatupa kisu akaupokea, akaupokea na mke wa mchungaji, ukavuka mto, tukausikia unakwenda, unazidi kwenda, boma kwa boma, mpaka ukapotea upande wa mnadani. Nikageuka kwa wageni nikatabasamu. Bosi akapiga makofi. Kwa dakika chache nilikuwa mtendaji bora katika mkoa mzima wa Simiyu.

Kisha tukaliona vumbi.

Mnada ule unakusanya watu wa Bariadi, watu wa Itilima, wengine wanatoka mbali kama Mwamapalala na ng'ombe wao, na kila mwanaume mnadani ana fimbo, hiyo haina mjadala. Walikuja wote. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda watu wanne wanne, muuza supu na mwiko wake, mnunuzi wa ng'ombe na koti lake refu, mpaka dalali wa mnada alikuja na kipaza sauti chake (chenye chaji, kumbukeni hilo). Na walipotokeza pale uwanjani wakaona nini? Watu wao wamelala mchangani wanavuja damu, damu ya kweli yenye nzi, na watu wasiowajua, wamevaa sare, wamemwinamia Masanja wanamfunga kamba miguuni. Wale wageni, masikini, walikuwa wanamfungia mbao ya kushikilia mguu uliovunjika, maana walikubali kushiriki zoezi.

"Haoooo! Wamemfunga kamba!"

Sikuwahi kuona wataalamu wakitawanyika namna ile. Bi Akinyi, na unene wake ule, alikuwa juu ya paa la gari kabla sijajua mlango uko wapi. Dokta Ssali akapanda mgunga, na mnaijua miba ya mgunga, alipanda akilia na hakusimama. Bosi wangu akaingia chini ya meza ya chai. Mimi nikakimbilia katikati nimenyoosha mikono, "Ni zoezi! Ni zoezi jamani!", kisigino cha kiatu kikazama mchangani, nikaanguka kifudifudi juu ya ndoo ya damu. Nikainuka nimelowa kuanzia nywele mpaka kitenge, napiga kelele "ni zoezi!", na kadiri ninavyopiga kelele ndivyo wanavyosema, "Mtendaji naye wamempiga kichwani, hajui anachosema."

Hapo Masanja akaamua kusaidia. Akainuka. Alitaka tu kueleza, lakini mtu aliyelazwa mfu na damu zake na kamba zake akisimama na kusema "Ndugu zangu..." hamna atakayengoja neno la pili. "Maiti kaamka!" Nusu ya mnada ikageuka kukimbia, nusu nyingine ilikuwa bado inafika, wakakutana katikati, baiskeli juu ya baiskeli, supu ikamwagika, na yule dalali kwenye kipaza sauti anatangaza kwa mazoea yake, "Taratibu wateja, taratibu!"

Kilichotuokoa ni filimbi. Kamanda Luhende alifika, akapuliza mara moja, na uwanja wote ukaganda, mpaka Masanja. Mzee akatembea polepole kati ya watu, akaiangalia ndoo, akachovya kidole, akanusa. Akatazama juu ya gari, akatazama juu ya mti. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani kapiga mwano?"

Nawaambia, ningeweza kunyamaza. Walioupokea walikuwa wengi, na macho ya bosi kule chini ya meza yalikuwa yananisihi ninyamaze. Lakini Mama Shija alikuwa ameinamisha uso, anahema, mtu mzima amekimbia kwa ajili yangu akidhani ninauawa. Nikainua mkono wangu wa damu. "Ni mimi, baba."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiuguse."

"Gete." Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma. "Mwano tunao mmoja tu. Hawa wameacha ng'ombe wao bila mtu kwa sababu umewaita. Leo wamekuja. Ukiwaita siku ya maji, atakuja nani?"

Nililia pale pale, si machozi ya kujionyesha, nililia kwa sababu niliona nimefanya jambo baya kuliko kukosa boti. Mama Shija akaja na khanga akanipangusa uso, akawa ananitukana kwa Kisukuma huku ananipangusa, matukano ya mama mzazi.

Ndipo sauti ikatoka juu ya gari. "Samahani, mzee wangu. Naomba niongee kabla sijashuka." Bi Akinyi alikuwa ameketi juu ya paa miguu inaning'inia, na saa yake ya muda bado mkononi, ameisimamisha. "Tumezunguka vijiji vingi huku kandokando ya ziwa. Tumepiga ving'ora vya kila aina. Unajua nani hukujanga? Watoto, na mbuzi. Hapa chai yangu haijapoa na mko na umati wa wilaya mbili. Kwetu sauti hiyo tunaiita nduru. Nyanya yangu akipiga nduru, kijiji chote kinakuja."

"Enduulu," akasema Dokta Ssali kutoka mtini, kwa uchungu. "Kwetu Buganda ni enduulu. Tafadhali nishusheni."

Na yule mgeni wa Rwanda, ambaye asubuhi yote hakuwa amesema neno, akatoka nyuma ya gurudumu akijipangusa magoti na kusema, "Induru," na mwenzake wa Burundi akaitikia, "Induru, hata sisi." Wakatazamana, wakaanza kucheka. Watu wa nchi nne wamekuja kutufundisha kuitana, kumbe kila mmoja kwao wanaitana vile vile, na jina karibu lile lile! Kamanda Luhende hakucheka, lakini aliwakaribisha waketi, na kwa Mzee Luhende hiyo ni sherehe.

Kikao kikaanza upya, mara hii wenye kiti walikuwa sungusungu na wataalamu wakasikiliza. Mzee akasema filimbi na mwano ule wa siku zote vibaki vya wezi na mauaji, watu waje na fimbo. Wa maji uende pamoja na ngoma, mapigo ya haraka bila kupumzika, watu waje na kamba, madebe na mitungi mitupu ya kuelea. Na usipigwe kwa majaribio kamwe, mpaka kila boma liwe limeambiwa siku tatu mbele. Watu wa Itilima wakakubali kuupokea upande wao, na wataalamu wakasema redio ya kijiji cha juu ndiyo itakayomwambia mpiga ngoma. Bi Akinyi aliandika mpaka wino ukamwishia. Bosi akatoka chini ya meza na kusema kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga tangu mwanzo.

Kisha ikaja hukumu yangu. Nikatozwa fahali mmoja, akachinjwa siku hiyo hiyo, akaliwa na mnada wote pamoja na wageni, na Dokta Ssali akala akiwa amesimama kwa sababu ya miba. Lakini fahali alikuwa nusu tu ya adhabu. Mzee akasema, "Uliwakimbiza wenzako. Kuanzia leo, mwano ukipigwa, wa maji au wa ng'ombe, wewe utakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Ukichelewa, fahali mwingine." Watu wakashangilia mpaka turubai likatikisika, maana mnauona mwili wangu. Yule mzee hana utani. Kesho yake nikanunua raba, nikaziweka chini ya meza ya ofisi, na kila asubuhi nikawa nakimbia kwenda mtoni na kurudi, watoto wa shule wananisalimia, "Mwangaluka, Mama Mwano!"

Boti ilikuja kabla ya masika, ya rangi ya chungwa, ikapokelewa kwa ngoma za Masanja (bila kipaza sauti changu). Na masika ikaja kweli. Bi Akinyi alikuwa ameshatutumia ujumbe kwenye grupu letu kwamba kwao mvua imekaa vibaya, jiandaeni, na asubuhi moja wenzetu wa kijiji cha juu wakaita kwenye redio: maji yanashuka, na yameshawapita. Mpiga ngoma akaanza, Mama Shija akaupiga mwano, na nawaambia ukweli, nilipokuwa nafunga kamba za raba sikuogopa maji, niliogopa kimya. Niliogopa watu watasema, aah, ni yule mtendaji na mazoezi yake.

Nikakimbia. Sijawahi kukimbia vile na sitakaa nikimbie tena vile. Nilifika maboma ya bondeni nikiwa wa kwanza, maji yakiwa kifundoni, na Nkamba akatoka mlangoni mbio, akanitia Mabula mikononi. Mtoto mzito, anashangaa. Nikageuka nyuma kutazama mteremko, na nikawaona. Jamani, nikawaona! Walikuwa wanashuka kutoka kila upande na kamba, na madebe, na mitungi, watu wetu na watu wa Itilima ng'ambo, boti imebebwa mabegani, muuza supu yumo, dalali yumo, wanaupokea mwano huku wanakuja. Walikuja wote. Tuliwatoa watu, tukawatoa ng'ombe, tukatoa mpaka kuku wa Mama Shija, na mto ulipopanda ulikuta maboma matupu.

Kamanda Luhende akanikuta juu pale, nimekaa chini nahema, Mabula amelala begani kwangu. Akanitazama raba zangu, zimejaa tope. "Leo umewahi," akasema, na naapa alitabasamu, ingawa Masanja anasema ni jua lilikuwa linampiga machoni.

Basi nimekoma. King'ora cha serikali simwazimi tena mtu, hata aje na ngoma za mkoa mzima, na mwano sitaupiga kwa majaribio hata nikiahidiwa boti kumi. Lakini siku mkiusikia unapigwa, kaeni kando ya njia, maana nakuja na siwezi kusimama.